Sasa Nani Angemwosha?

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa mwaka wa chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa Ngamiani, Tanga. Wanachama waliokuwa safarini na wale waliokuwa zamu kazini wameomba waipate kwa maandishi, nami naiweka yote. Nimeondoa tu pale mwenyekiti aliponikatiza kutangaza kuwa kuna bajaji imeziba mlango.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na nyie vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Sogeeni mbele, viti vipo. Chai haitoki mpaka nimalize.

Katibu alinipigia simu akasema, "Mwalimu, siku ya mkutano tunaomba utuzungumzie maana ya maisha." Nikamuuliza nitapewa muda gani. Akasema, "Nusu saa, baada ya taarifa ya mweka hazina." Ndugu zangu, watu wamelikeshea swali hili tangu dunia iwe dunia, mimi nimepewa nusu saa, tena niwe nimemaliza kabla maandazi hayajapoa!

Nimekubali kwa sababu silioni baraza jingine Tanga hii linalostahili kuulizwa swali hilo kuliko hili. Sisi hapa kila mwezi tunatoa ada ya sanda, ya turubai, ya mchele wa matanga. Tutajifanyaje hatujui tunakokwenda? Mji wetu una msemo wake: waja leo, waondoka leo. Mgeni akiusikia hudhani tunazungumzia basi la alfajiri. Sisi tuliokwisha kuzika tunajua unamhusu nani.

Basi, kama tumekuja leo na leo hiihii tunaondoka, hapo katikati tuko kwa ajili gani?

Niseme mapema: wenye dini mnalo jibu la kwanza, na sikuja kushindana na masheikh na mapadri walioketi hapa mbele. Muislamu anajua ameumbwa amuabudu Mola wake. Mkristo anajua ameumbwa amjue Mungu, ampende, amtumikie. Lakini nimekaa kwenye misiba mingi, nikakaa na watu baada ya misiba, na nimeona kwamba mtu anaweza kulijua jibu hilo tangu yuko madrasa, bado saa nane ya usiku akawa macho anatazama dari, anajiuliza: mimi, mimi huyu, siku yangu ya leo ilikuwa ya nini? Ninayemzungumzia ni huyo wa saa nane usiku.

Naanza na kazi, maana ndiyo jibu ambalo wengi wetu tumeliishi bila kulichagua.

Mimi ni mtoto wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Nasema hivyo bila haya, maana nikisema wote wenye asili hiyo humu ndani wasimame, viti vitabaki vitupu. Mkonge wenyewe nao ni mgeni kama baba zetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, bwana shamba wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikishika ardhi huku, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, ikapakiwa tena melini, na ilipofika pwani hii iliyokuwa hai ilikuwa 62. Sitini na mbili tu! Ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Humo ndimo ulimotoka mkonge wa Ngomeni, wa Muheza, wa Korogwe, mpaka reli na bandari vikawa vinaishi kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa kama tani 230,000, dunia nzima ikafunga mizigo yake kwa kamba zilizotoka hapa.

Sasa, jani la mkonge halijikati. Lina mwiba kwenye ncha, lina utomvu unaowasha, na singa, zile nyuzi mnazozisifia, ni sehemu ndogo sana ya jani, kama asilimia 4 ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo ilihitajika mikono, mikono mingi. Wenyeji wa hapa waliikataa kazi ile, na mimi siwalaumu. Wakaletwa watu wa mbali: Waha, Warundi, Wamakonde, Wanyakyusa, Wangoni. Baba yangu alitoka Kasulu. Alipofika alipewa namba, akapewa na kipande.

Vijana, kipande hamkijui. Ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Unakwenda shambani kabla jua halijatoka, unakata majani, unayafunga mafungu, unayapanga mstarini. Nyapara anapita. Umetimiza, siku yako inatiwa alama. Hukutimiza, siku hiyo haikuwepo. Naomba msikie vizuri: siku hiyo haikuwepo. Jua lilichomoza, mtu aliamka, alitoka jasho, alichomwa na miba, alirudi kambini na kiu yake. Kwenye kadi, haikuwepo.

Baba yangu alizitunza kadi zake kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Tulipokwisha matanga yake tukalishusha. Kadi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Nikaketi kitandani kwake kuzitenganisha moja moja kwa kisu. Alama, alama, alama. Maisha ya mtu mzima yamo mle ndani kwa wino wa nyapara, na mimi mwanawe nilikuwa natafuta humo kitu cha kumkumbukia, sikioni.

Kuna Mgiriki wa zamani, Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliuliza swali ambalo kwangu ni zuri sana. Alisema seremala ana kazi yake, mshona viatu ana kazi yake, jicho lina kazi, mguu una kazi. Je, binadamu, kwa ubinadamu wake tu, hana kazi? Swali zuri. Ila Mgiriki huyohuyo alisema kuwa mtumwa ni chombo chenye uhai. Sisi wa pwani hii, ambao Pangani yetu ilikuwa bandari ya kusafirishia watu, tunajua hesabu za namna hiyo zinafika wapi. Ukishampima mtu kwa kile anachokutolea, hujabakiza hatua nyingi kabla ya kumpa namba.

Msidhani nasimulia mambo ya kale. Humu ndani wapo wastaafu. Miaka 60 ikitimia unaagwa, unapewa zawadi ya saa ya ukutani (sijui nani aliamua kwamba mtu asiye na pa kuwahi ndiye apewe saa), halafu asubuhi ya Jumatatu unaamka saa kumi na moja kama kawaida, unakaa ukingoni mwa kitanda. Ukikutana na mtu kwenye kahawa anakuuliza unafanya nini siku hizi, unamjibu, "Nilikuwa mhasibu." Mtu mzima yu hai, kashika kikombe, anajisimulia kama marehemu! Na kijana aliyemaliza chuo, ana vyeti kwenye bahasha ya kaki, anazunguka maofisini tangu mwaka juzi: kama mtu ni kazi yake, tumwambie yeye ni nini? Tumwambie bado hajaanza kuwepo?

Sasa nimalizie habari ya baba. Siku ya tatu ya matanga alikuja mama mmoja mzee kutoka Muheza. Hatukumjua. Alikuja na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, umekunjwa mara nyingi, karatasi yenyewe imekuwa rangi ya chai. Ilikuwa barua. Mwandiko ule niliujua kabla hajaifungua yote, maana ndio ulionifundisha kuandika.

Baba alikuwa amesoma kidogo kwa wamisionari kabla hajaja Tanga. (Baadaye alisilimu alipomwoa mama yangu, Mdigo wa Duga, lakini hiyo ni hotuba nyingine.) Basi Jumapili, pale kambini, aliweka kreti ya bia chini ya mwembe, akakaa juu ya jiwe, na wenzake wakapanga foleni. Niandikie mke wangu. Niandikie kaka yangu, mwambie ng'ombe asiuzwe. Yule mama alituambia kitu ambacho sikukijua: marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba baba, kabla ya kuifunga barua, alikuwa akimuuliza mtu, "Mbona hujamuulizia mtoto?" Na mtu akisema hana la kusema, baba anangoja. Foleni inanung'unika, yeye anangoja. Barua aliyotuletea yule mama ilisema mambo ya kawaida kabisa: homa imepona, mshahara umechelewa, na mwishoni, "Kanga ya buluu nimeipata, nitakuja nayo." Yule mama alikuwa ameitunza miaka yote kwa sababu ya huo mstari wa mwisho. Alituambia kanga yenyewe ilishachakaa zamani.

Jumapili hazimo kwenye kadi za kopo la Kimbo. Nyapara hakuwa na nafasi ya kuzitia alama.

Basi kazi tuiweke pembeni, si kwa kuidharau, maana asiyefanya kazi na asile, lakini kwa kujua kwamba haitoshi kutueleza.

Lipo jibu la pili, nalo hutolewa harusini na kwenye vikao vya ukoo: mtu yuko duniani aache kizazi. Nilifundisha baiolojia, kwa hiyo hapa niacheni nijidai kidogo. Mkonge huishi miaka saba, nane, hata kumi na zaidi, unatoa majani kama 200 hivi au zaidi. Halafu siku moja unatoa mlingoti, mmoja tu, mrefu kuliko nyumba, unachanua. Juu kule kwenye matawi zinachipua miche midogo mingi ajabu, inaanguka chini. Mkonge mama unakauka, unakufa. Umekwisha. Kazi yake ilikuwa hiyo.

Je, na sisi ni hivyo? Kama ni hivyo, tuwe na ujasiri wa kumtazama usoni mwenzetu asiyejaaliwa mtoto tumwambie kwamba amepita bure. Nani humu ataweza? Lakini tunayasema kwa mafumbo kila siku. Tunayasema jikoni kwenye shughuli, tunayasema kwa kumnyima mtu jina la kuitiwa, maana kila mwanamke ni Mama Fulani, naye anabaki kuitwa jina lake la utotoni mpaka mvi zinamtoka. Jambo hili linaniudhi, na nitalirudia kidogo baadaye, kwa sababu mtu ninayetaka kuwasimulia leo hana mtoto.

La tatu nitalipita mbio. Wapo wanaoona kusudi ni kudumu: kula vizuri, kupima presha, kufika miaka 90. Kupima presha pimeni. Ila kama kudumu ndiko kushinda, basi mshindi yuko hapo Kigombe, ndani ya maji. Silikanti, yule samaki wa kale, mnamjua. Wataalamu walidhani ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wetu wakaanza kumtoa kwa nyavu za jarife, na mwaka 2009 bahari yetu ikatangazwa hifadhi kwa ajili yake. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliochunguza magamba yake walisema anaweza kufikisha miaka 100, na mimba yake huenda ikachukua miaka mitano. Miaka mitano! Kina mama, mpeni pole. Ukoo wake umekuwepo kabla ya milima mingi, na hatujasikia kwamba aliwahi kukosa usingizi akiuliza kwa nini.

Sasa jina. Hapa tusimame, maana jina ndilo linalotutesa sisi watu wazima. Tunataka tukumbukwe.

Shikeni njia ya Pangani, hamfiki mbali, mtaona kibao cha Tongoni. Kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, ya karne ya 14 na ya 15, mengi kuliko utakayoyakuta pamoja mahali pengine pwani hii. Waliojengewa makaburi yale hawakuwa watu wa kawaida. Mawe ya matumbawe yalichongwa, chokaa ikachomwa, nguzo ikasimamishwa, na juu ya nguzo zikapachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, ili kila apitaye ajue hapa kalala mkubwa. Nguzo nyingi zimeanguka. Bakuli hazipo. Vimebaki vishimo vya mviringo.

Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi pale. Mara moja kijana mmoja alitia ngumi yake ndani ya kishimo, ikaenea sawasawa. Akageuka akaniuliza, "Mwalimu, bakuli kaliiba nani?" Wote wakacheka, wakaanza kubishana kuhusu mwizi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kaburi ni la nani.

Na cha kuumiza zaidi ni hiki. Hapohapo Mtangata, ndiyo pwani hiyohiyo ya Tongoni, mwanzoni mwa mwaka 1499, watu wa Vasco da Gama waliichoma moto meli yao moja kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Meli hiyo iliitwa São Rafael. Mnaona? Jina la chombo cha mgeni kilichotelekezwa mwambani tunalo mpaka leo, limeandikwa vitabuni. Jina la tajiri aliyejengewa nguzo, pengine aliyesimama ufukweni akautazama moshi ule, hatunalo. Basi mwenzangu unayetaka ukumbukwe, unataka kumkabidhi nani kumbukumbu hiyo? Wajukuu zako wangapi wanajua jina la babu wa babu yako? Wewe mwenyewe unalijua?

Nyanyueni mikono wanaolijua. (Walinyanyua wachache, wengi wao Wadigo wazee, nikawapongeza.)

Kazi imetuacha njiani. Kizazi kimetuacha njiani. Umri, tumeuacha kwa samaki. Jina limebaki kishimo. Tumebakiza nini?

Sasa ndipo namleta bibi yangu mmoja wa Makorora. Sitamtaja, kwa sababu amenikataza, na kwa sababu yuko humu ndani, amekaa nyuma ya ile nguzo makusudi nisimwone. Wengi mnamjua. Wengi wenu mama zenu wamepita mikononi mwake.

Mama yangu alifariki usiku wa masika. Alfajiri bibi huyu akaja kwa miguu, kikapu begani: pamba, kafuri, majani ya mkunazi, mkasi, kanga mbili nzee. Yaliyotokea ndani amenisimulia dada yangu, maana mimi mwanamume nilikuwa nje na wenzangu tunahangaika na turubai. Anasema kwanza bibi aliwatoa waliokuwa wakipiga mayowe. Kwa upole lakini aliwatoa. Halafu akamwita dada: "Njoo ushike kata." Dada akasema, "Bibi, siwezi." Bibi akamwambia, "Huyu alikuosha wewe hujajua hata kusema. Shika kata."

Maji yaliyoletwa yalikuwa ya baridi. Bibi akasema yaongezwe ya moto, yawe vuguvugu. Mmoja wa waliokuwemo akasema, "Bibi, kwani atasikia?" Hakumjibu. Aliketi akangoja maji. Na yalipokuja akaanza, upande wa kulia kwanza kama ilivyo sheria, na kila alipotaka kumgeuza alimwambia mama kwanza: "Dada, nakugeuza sasa." "Dada, nainua mkono wako." Alizungumza naye hivyo mpaka mwisho, mpaka maji ya kafuri, mpaka sanda. Dada yangu anasema baada ya muda hakuogopa tena, kwa sababu chumbani palikuwa na watu watatu wanaoshughulika, na mmoja wao ni mama.

Tulipotoka makaburini nilimfuata na bahasha. Aliirudisha bila hata kuifungua, akaomba kikombe cha kahawa chungu. Nikakaa naye barazani. Nikamuuliza swali ambalo katibu kaniuliza mimi, ila kwa maneno mengine: bibi, ulianzaje mambo haya, na kwa nini?

Akaniambia kwamba zamani, miaka ile ya tisini ya mwanzo, alikuwa akiuza maandazi Msambweni. Chumba cha pili kulikuwa na mpangaji mwanamke, mgeni, hana ndugu mjini. Akaugua ule ugonjwa ambao wakati huo tuliuogopa hata kuutaja. Akafa asubuhi. Hadi adhuhuri hakuna aliyeingia. Watu walisimama uani wanatazamana, wengine wakakumbuka kwamba wana safari. "Na mimi," akaniambia, "sikuwa najua kuosha maiti. Sikuwahi." Nikamuuliza, sasa ilikuwaje ukaingia? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. Akasema, "Sasa nani angemwosha?"

Basi. Ndiyo falsafa yake yote. Akanywa kahawa yake.

Nimelitafuna jibu hilo miaka mingi. Angalieni halisemi nini. Halisemi "niliona huu ndio wito wangu." Halisemi "nilitaka thawabu," ingawa thawabu tunaamini ipo. Halina "mimi" ndani yake hata mara moja. Sisi usiku wa saa nane tunauliza: nipo kwa ajili ya nini? Yeye aliangalia mlango uliofungwa, na swali lake likawa juu ya yule aliyelala ndani. Na kwa kuuliza hivyo, maisha yake, ya mwanamke asiye na mtoto, asiye na cheti, ambaye jina lake halitachongwa kwenye nguzo yoyote, yakapata mahali pa kusimama.

Baba yangu na kreti yake ya bia chini ya mwembe, ni yaleyale. Sasa nani angewaandikia?

Ninavyoona mimi, na mnaruhusiwa kunipinga kwenye chai, kusudi la maisha haliletwi kwa jumla. Halishuki siku moja likiwa limekamilika na muhuri wake. Huja rejareja: mtu mmoja, mlango mmoja, saa fulani, na wewe ndiye uliye karibu. Bibi hakwenda kuosha maiti za Tanga nzima. Alikuwa chumba cha pili.

Lakini kuna neno lazima niliseme, vinginevyo nitakuwa nimewapiga changa la macho. Nilimsomea mke wangu maneno haya jana usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, sisi wanawake tunasema 'sasa nani atapika, sasa nani atafua, sasa nani atamuuguza mama mkwe' tangu tuko wadogo. Hiyo ni maana ya maisha au ni uchovu?"

Nilinyamaza kwa muda. Yuko sahihi. Kina mama mnaopiga makofi, yuko sahihi. Swali la "sasa nani" likiulizwa na mtu mmoja kila siku, huku wengine wameshajua kwamba huyo yupo, linageuka kipande kingine, tena kibaya zaidi kwa sababu hakina hata alama. Ndiyo maana nikawasimulia habari ya kata. Bibi hakubali kuosha peke yake. Nimemuuliza, akaniambia ni sharti lake: lazima aliye wa damu aingie, ashike kata, hata kama analia, hata kama mikono inatetemeka. Kuna nyumba moja ya wenye uwezo walitaka wamlipe afanye yeye yote, wao wakae sebuleni. Alikaa uani kama saa nzima na kikapu chake mapajani mpaka binti mmoja alipotoka. Kwa hiyo msimfanye malaika. Anajua kukataa, na anajua kungoja.

Nasi wanaume? Tunajua kuchimba, tunajua kubeba jeneza, tunajua sana kukaa kwenye viti vya msibani tukijadili mpira. Mtaani kwetu waosha wa kiume waliobaki ni wazee, tunawafahamu kwa majina, na kila mkisomewa taarifa ya mwaka orodha yao inapungua. Siku watakapoisha, mimi na wewe tukiwa tumelala hapo, swali la bibi atauliza nani?

Namalizia, maana naona sinia linachungulia. Bibi ameniruhusu niseme jambo moja kwa niaba yake. Magoti yanamsumbua, kuinama hawezi tena kama zamani. Anataka wasichana wawili wa kuwafundisha, wenye subira, wasiopenda kusimulia waliyoyaona ndani. Upande wa wanaume wanatakiwa watatu, na umri si hoja: mstaafu anakaribishwa, na kijana anayesubiri ajira anakaribishwa. Mafunzo ni Jumamosi baada ya Alasiri, Makorora, nyumbani kwake. Wakristo, kina mama wa jumuiya wana utaratibu wao, katibu atawaelekeza. Posho hakuna. Karatasi ya majina iko kwa mweka hazina, na kalamu nimeifunga uzi kwenye meza kwa sababu nawajua.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Tunyweni chai.